Mtambo wa gesi wa akiba upimwe pia unaposubiri

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tulizungumzie jambo ambalo hurudi midomoni mwa watu kila umeme wa Unguja unapozimika kwa muda mrefu: kwamba tujenge mtambo mdogo wa gesi asilia, ukae tayari, na waya wa chini ya bahari ukipata hitilafu uwashwe. Wazo ni zuri na tunaliunga mkono. Kinachotutia wasiwasi ni maneno yanayofuata kila mara, kwamba gesi ni nishati safi na kwa hiyo habari ya moshi imekwisha. Haijaisha. Vyeti vya moshi hupimwa injini ikiwa imepata moto, imetulia na imebeba mzigo kamili. Mtambo wa akiba hauishi maisha hayo. Unasubiri, unawashwa, unajaribiwa, unazimwa, unasubiri tena. Sehemu kubwa ya uchafu wake hutoka katika nyakati hizo ambazo cheti hakizijui, na ndizo tunazotaka ziandikwe kwenye kibali kabla hata msingi haujachimbwa.

Haja ya akiba haina ubishi. Unguja inategemea waya uliolazwa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, wa kwanza wa mwaka 1980, na wa pili wenye uwezo wa megawati 100 uliozinduliwa 2013. Pemba inapata umeme wake kwa waya kutoka upande wa Tanga tangu 2010. Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi karibu mwezi mzima, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi hiyo maduka na hoteli viliendeshwa kwa jenereta ndogo za petroli na dizeli zilizowekwa milangoni, eksozi zikiwa usawa wa pua ya mtoto. Mtambo wowote wenye dohani ndefu ni nafuu kuliko hali ile.

Hata ukiilinganisha na injini kubwa za dizeli, gesi ina faida zake za kweli. Injini ya dizeli ya zamani isiyo na kidhibiti chochote hutoa zaidi ya gramu 10 za oksaidi za naitrojeni, zile gesi za moshi zinazobana kifua, kwa kila uniti ya umeme. Injini ya gesi inayochoma mchanganyiko mwembamba, yaani yenye hewa karibu mara mbili ya ile inayohitajika kuunguza gesi, hutoa gramu 1.3 hivi. Masizi ni kidogo mno, na salfa karibu haipo, kwa kuwa gesi ya Songosongo ni karibu methani tupu. Hayo hatutaki mtu ayapuuze.

Tatizo ni hiyo methani yenyewe, pale inapopita bila kuungua.

Tuchukue mfano mmoja tuushike hadi mwisho wa barua: mtambo wa megawati 10, wenye injini tano za megawati 2 kila moja, ufanisi wa asilimia 40. Kwa ufanisi huo kila uniti inakula gramu 180 za gesi na kutoa takriban gramu 505 za hewa ukaa. Dizeli kwa ufanisi huohuo ingetoa gramu 667. Hadi hapo gesi imeshinda kwa robo nzima. Lakini injini ya mchanganyiko mwembamba huachia methani ghafi, na gramu 4 kwa uniti ni kiasi cha kawaida kabisa. Gesi hujificha kwenye upenyo mwembamba baina ya pistoni na ukuta wa silinda juu ya ringi ya kwanza, ambako moto haufiki. Nyingine huzimika karibu na kuta zilizopozwa kwa maji. Nyingine hupita moja kwa moja pale vali ya kuingiza na ya kutoa zinapokuwa wazi kwa pamoja. Gramu 4 katika 180 ni zaidi kidogo ya asilimia 2, na kwa macho haionekani wala kwa pua hainusiki.

Methani hunasa joto mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100, na zaidi ya mara 80 ukihesabu kwa miaka 20. Ziongeze zile gramu 4 kwenye hesabu: kwa miaka 100 uniti ya gesi inafika gramu 617, bado chini ya dizeli, kwa miaka 20 inafika 825, juu ya dizeli. Kisiwa ambacho bahari inakila fukwe zake hakiwezi kuifumbia macho hesabu ya pili. Hayo yote ni injini ikiwa katika mzigo kamili. Ikishuka hadi robo ya mzigo, methani isiyoungua kwa kila uniti inaweza kuwa mara mbili au zaidi, kwa sababu mwako umepoa na mchanganyiko uko ukingoni mwa kushindwa kuwaka.

Hapa watu husema: basi tufunge katalisti, kile kifaa cha kusafishia moshi ndani ya bomba la eksozi. Ni vyema ifungwe, lakini ijulikane inafanya nini. Katalisti ya kawaida ya eksozi huondoa kaboni monoksaidi na fomaldihaidi, ile gesi inayochoma macho na ambayo ni kisababishi cha saratani, ikishapata joto la nyuzi 250 au zaidi. Methani ni ngumu kuvunjika. Inataka joto la nyuzi 450 hadi 500 na madini ya bei kubwa, nayo eksozi ya injini hizi huwa karibu nyuzi 400. Kwa hiyo mwuzaji anayesema katalisti yake inaondoa asilimia 90 ya hidrokaboni aulizwe papo hapo kama methani imo katika hesabu hiyo. Mara nyingi haimo.

Tuje sasa kwenye dakika za mwanzo. Injini ya akiba hutunzwa na maji yake yakiwa ya moto, nyuzi 60 hadi 70, kwa hita ya umeme, ili iweze kubeba mzigo kamili ndani ya dakika tano. Injini inakuwa tayari, lakini katalisti bado ni baridi. Ule mfumo mwingine wa kupuliza urea ili kuua oksaidi za naitrojeni nao hauanzi mpaka eksozi ipite nyuzi 250 hadi 300, maana urea ikipulizwa mapema huganda kama chumvi nyeupe ndani ya bomba na kuliziba. Kwa mzigo mdogo, kupasha moto katalisti yote kunaweza kuchukua robo saa hadi nusu saa. Anayesimama nje wakati huo ataona juu ya dohani wingu jepesi la rangi ya manjano iliyokolea, karibu na kahawia. Hiyo ni naitrojeni dayoksaidi, na ndiyo inayobana kifua cha mwenye pumu. Baada ya muda wingu linatoweka, na mpimaji aliyealikwa saa mbili baadaye anaandika kwamba hakuna kitu.

Hii ndiyo sababu jaribio la kila wiki la dakika 20 bila mzigo, ambalo limezoeleka kwa jenereta za dizeli na likahamishiwa kwenye gesi kwa mazoea tu, ni jaribio baya kuliko kutojaribu. Dakika zote 20 moshi unatoka bila kutibiwa. Ndani ya silinda mgandamizo hautoshi kuzibana ringi, mafuta ya kulainishia yanapanda juu, yanaungua na kuacha majivu. Majivu hayo hukaa kwenye plagi na kwenye viti vya vali, na fosforasi na zinki zilizomo hufunika uso wa katalisti na kuiua polepole. Mtambo unakuja kuhitajika siku ya dharura ukiwa na saa chache tu kwenye geji, lakini katalisti yake imeshachoka.

Jaribio sahihi ni la saa moja kwa mzigo wa asilimia 70 au zaidi. Si lazima kununua makabati ya hita ya kuchomea umeme bure. Injini iunganishwe na gridi, ipeleke umeme wake kwenye laini ya kilovolti 33, na uniti zile zitumike. Kinachotakiwa ni mkataba unaoruhusu hivyo na swichi ya kulinganisha mapigo ya umeme iliyo nzima. Jaribio lifanywe mchana upepo unapovuma, lisifanywe alfajiri hewa ikiwa imetulia.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo hatujaliona likijadiliwa hadharani hata mara moja, nalo ndilo zito kuliko yote: mafuta ya mtambo huu yanasubiri wapi?

Gesi ya Songosongo na ya Mnazi Bay inafika Dar es Salaam kwa bomba. Kuja Unguja haina bomba. Italetwa imeshindiliwa kwenye mitungi, au imesindikwa kuwa kimiminika, yaani LNG, kwa baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri. Iliyoshindiliwa haifai kwa kazi hii. Mtambo wetu wa mfano unakula mita za ujazo 2,500 kwa saa, na trela lenye mita 5,000 linakwisha kwa saa mbili. Kimiminika kinabana gesi mara 600, hivyo kontena moja la futi 40 lenye mita 40 za ujazo linabeba tani 17 hivi, sawa na saa tisa na nusu za kazi. Makontena matatu ni saa 28. Kwa zimiko la siku 30 mfululizo yangehitajika kama makontena 76 kupita bandarini, na anayesema mtambo huu utatuvusha kwenye zimiko kama la 2008 atuoneshe ratiba ya meli.

Kimiminika hicho hakilali. Hata tangi likiwa na kuta mbili na ombwe katikati, joto la nje linaingia kidogo kidogo na sehemu ya LNG inachemka kila siku. Chukua asilimia 0.2 kwa siku, kiwango cha kawaida kwa matangi ya ukubwa huu. Kwa kila kontena ni kilo 34 za methani, kwa makontena matatu ni kilo 102, kila siku, mtambo ukiwa umezimwa na walinzi wakiwa wamekaa getini. Mwanzoni tangi huvumilia na shinikizo hupanda. Wiki zikipita, vali ya usalama inafunguka na kuipuliza hewani. Kufunguka huko si ubovu, ndiyo kazi yake. Ukiihesabu kwa mwaka mzima ni zaidi ya tani 37 za methani, ambazo kwa kipimo cha miaka 100 ni sawa na tani 1,040 za hewa ukaa. Mtambo huo ungelazimika kuzalisha kwa nguvu zote kwa zaidi ya saa 200 ili kutoa hewa ukaa kama hiyo. Kwa maneno mengine, mtambo wa akiba wa LNG unaweza kuchafua zaidi ukiwa umelala kuliko ukiwa macho.

Dawa ipo, tena ni rahisi. Injini moja ya megawati 2 katika mzigo kamili inakula kilo 360 kwa saa. Mvuke wa wiki nzima kutoka makontena matatu ni kilo 714. Basi injini mbili zikijaribiwa kila wiki, saa moja moja, kwa mzigo mkubwa kama tulivyoeleza, na zikilishwa kutoka juu ya tangi ambako mvuke unakaa badala ya chini kwenye kimiminika, karibu mvuke wote unageuka umeme. Kila injini inapata zamu yake ndani ya wiki mbili na nusu. Jaribio na usafi vinakuwa kitu kimoja. Kwa hilo yanahitajika mambo matatu kwenye michoro: vali ya kuchota mvuke kwanza shinikizo linapopanda, bomba la kuunganisha vichwa vya matangi yote matatu, na tochi ndogo ya kuchomea gesi kwa siku ambazo injini zimefunguliwa kwa matengenezo. Bomba la vali ya usalama kuelekea hewani libaki kwa ajali halisi tu, na liwe na kihisio kinachoandika kila lilipofunguka.

Tahadhari moja kwa majirani na zimamoto. LNG haitiwi ile harufu ya gesi ya kupikia. Ikivuja, unachokiona ni ukungu mweupe unaotambaa chini, kwa sababu methani ikiwa baridi ni nzito kuliko hewa, nao ukungu wenyewe ni unyevu wa hewa ulioganda. Methani inayoweza kushika moto inaweza kuwepo hata pale ukungu ulipokwisha. Kwa hiyo vihisio vya gesi viwekwe chini na juu, si juu pekee.

Kuna mianya mingine midogo. Gesi inayopenya kwenye ringi hushuka kwenye kreki, yaani sanduku la mafuta chini ya silinda, na kutoka kwa bomba la kupumulia. Bomba hilo lirudishwe kwenye njia ya hewa kupitia kichujio cha mafuta, lisielekezwe dirishani. Baina ya vali mbili za kufunga gesi kuna pumulio linaloachia gesi kila injini inapozimwa. Ni kidogo kwa mara moja, lakini mtambo unaowashwa na kuzimwa mara nyingi unalifanya kuwa jambo.

Kisha plagi. Tutakaa hapa kidogo, maana ni kifaa cha kushika kiganjani na madhara yake hayalingani na ukubwa wake. Injini ya megawati 2 kwa kawaida ina silinda 16 au 20. Plagi moja ikishindwa kuwasha kwenye injini ya silinda 16, sehemu moja ya 16 ya gesi yote inatoka mbichi: kilo 22 na nusu kwa saa, wakati injini nzima ikiwa salama huachia kilo 8. Hewa ya Unguja ina chumvi na unyevu, na injini iliyosimama wiki mbili huvuta unyevu huo ndani ya kofia ya plagi na kwenye waya. Siku ya kuwashwa cheche inaruka pembeni, chini ya kofia, badala ya kuruka kwenye ncha. Fundi mzuri hatasubiri ngurumo ibadilike. Ataangalia joto la eksozi la kila silinda, na ile iliyo chini ya wenzake kwa nyuzi 50 au zaidi ndiyo yenye kosa. Upenyo wa plagi hizi ni mdogo, karibu milimita 0.3 kutegemea aina, na ukipanuka kwa kulika, volteji inayohitajika inapanda hadi koili ishindwe. Hita ya maji isizimwe kwa kubana matumizi, na hita ya kukausha jenereta vilevile. Umeme unaookolewa hapo hulipwa mara nyingi siku ya kuwasha.

Hali ya hewa yetu inaingia pia kwenye marekebisho ya injini. Kiwandani injini hupimwa kwa hewa ya nyuzi 25. Mwezi wa Februari na Machi mchana hapa ni nyuzi 32 na unyevu mwingi. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo mchanganyiko unanenepa na oksaidi za naitrojeni zinapanda. Unyevu nao unazipunguza kidogo lakini unausogeza mwako karibu na kuzimika. Kipimo cha kupokelea mtambo kifanywe hapahapa, katika miezi hiyo ya joto, kwa mzigo wa asilimia 100, 75, 50 na 25, na kingine tangu sekunde ya kwanza ya kuwashwa hadi dakika ya 30. Urea nayo isinunuliwe ya mwaka mzima: ikihifadhiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 maisha yake hupungua sana, na tangi lake liwe kivulini.

Kuhusu vipimo, wanaofungua zabuni wawe macho. Zabuni moja inaweza kuandika miligramu 500 za oksaidi za naitrojeni kwa mita ya ujazo, nyingine ikaandika 186, na zote mbili zikawa injini ileile. Ya kwanza imehesabu kwa oksijeni ya asilimia 5 na ya pili kwa asilimia 15, yaani moshi uliochanganywa na hewa zaidi kwenye karatasi. Kugeuza kutoka 5 kwenda 15 unagawa kwa 2.7. Tarakimu isiyotaja oksijeni na isiyosema kama moshi ni mkavu ni kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Miongozo ya jumla ya Benki ya Dunia ya 2007 kwa mitambo midogo inatoa kikomo cha miligramu 200 kwa injini ya gesi ya cheche, kwa oksijeni ya asilimia 15. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2015, unataka 95 kwa injini mpya. Vyote viwili havina kikomo cha methani. Ujerumani wanacho kikomo cha kaboni yote isiyoungua kwa injini za mchanganyiko mwembamba, gramu 1.3 kwa mita ya ujazo, kwa oksijeni ya asilimia 5, kwa hiyo tusiambiwe kwamba haiwezekani. Na kile kipimo cha mkononi cha mafundi, chenye seli za kemikali, kinasoma oksijeni, kaboni monoksaidi na oksaidi za naitrojeni tu. Methani inataka kipimo cha mwali au cha mionzi ya infraredi, na kibali kikitaje kwa jina.

Linabaki neno "dharura". Agizo lile la Ulaya linaruhusu mtambo mpya kusamehewa vikomo kama hauzidi wastani wa saa 500 kwa mwaka. Marekani wanaruhusu injini ya dharura saa 100 kwa mwaka za majaribio na matengenezo, na dharura yenyewe haina ukomo. Tukinakili saa 500 bila kufikiri, tuangalie maana yake kwetu. Saa nne za jioni, watu wanapowasha taa, feni na viyoyozi vya hoteli, mara jioni 125 ni saa 500 kamili. Msimu mzima wa watalii ungeingia humo. Mtambo uliosamehewa kwa jina la akiba ungekuwa mtambo wa kila jioni, tena kwa saa ambazo upepo umeanza kupungua na watu wako majumbani. Kama Unguja inahitaji mtambo wa jioni, ujengwe kwa jina hilo na vikomo vya jina hilo, pamoja na urea na katalisti. Kama ni wa akiba, dharura ifafanuliwe: waya wa baharini umekatika au gridi ya Bara imezimika. Upungufu wa jioni usihesabiwe.

Mahali nako kuna sheria ya upepo. Mtambo ukikaa ukanda wa Mtoni, kaskazi itausukuma moshi kuelekea Malindi na Mji Mkongwe, na kusi itausukuma kuelekea Bububu. Wakati wa maleleji, baina ya pepo hizo mbili, moshi utashuka palepale. Dohani fupi inayochungulia juu ya bati kidogo tu hunaswa na kisulisuli cha jengo na moshi hurudi chini. Kanuni ya wajenzi ni mara mbili na nusu ya urefu wa jengo: jengo la mita 8, dohani ya mita 20. Chuma cha kawaida hakitastahimili chumvi, hasa kwa mtambo unaopoa na kuloa umande kila wiki, kwa hiyo dohani iwe ya chuma kisichoshika kutu tangu kwenye shingo ya injini.

Tunaziomba Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA), inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 3 ya 2015, na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA) ziyaweke mambo haya kwenye masharti: saa za kila injini kwa geji iliyofungwa lakiri, zikitenganishwa jaribio na dharura, kila mara vali ya tangi ilipofunguka, vipimo vya methani kwa mizigo minne, na nakala ya daftari hilo ibandikwe kila mwezi katika ofisi ya sheha wa eneo, kwa Kiswahili, tarakimu zikiwa na vipimo vyake.

Na jambo dogo la mwisho kwa wachomeleaji. Matundu ya kupimia moshi yatobolewe dohani ikiwa bado chini karakanani. Kwa dohani ya upana wa nusu mita, tundu liwe na mita 2 na nusu za bomba lililonyooka kabla yake, na umbali kama huo hadi mdomo wa dohani, pamoja na ngazi na jukwaa la kusimama watu wawili. Dohani ikishasimamishwa bila matundu, hakuna atakayekubali kuishusha, na miaka yote itakayofuata mtambo utapimwa kwa karatasi za kiwandani.

Ni sisi,
Mafundi wa mitambo ya umeme,
Unguja.